Baiskeli Yako Iko Tayari

Itsaso, baiskeli yako iko tayari tangu Jumanne ya kwanza ya Mei.
Nimebadilisha mnyororo, nimenyoosha rimu ya nyuma,
nimefuta chumvi ya jasho lako iliyokuwa ikila skrubu za usukani.
Inaning'inia hapa dukani kwenye ndoano, magurudumu juu,
kama mbuzi aliyekwisha kuchunwa akakosa mnunuzi.

Jina lako kwa lugha yetu ni bahari,
na baharini ndiko nilikokujua:
kofia ya njano ikipanda na kuzama nje ya gati la Zarautz,
kisha wewe, unachuruzika, unakimbia peku juu ya lami,
unajivua suti ya mpira kama nyoka mwenye haraka,
unanipokonya baiskeli mkononi bila salamu.
Sikukasirika. Sekunde zilikuwa fedha yako,
nawe ulikuwa bahili.

Ulisema: wati mia mbili na kumi.
Ulisema: mapigo ya moyo.
Hukusema: moyo.
Michezo mitatu, na yote ukaipima kwa uzi mmoja
kama fundi anayeshona sare.

Halafu Oktoba ile ukaja na viatu vya tope.
Si tope la pwani hii. Tope la juu, zito, lenye majani.
Nikauliza. Ukacheka, ukasema ulipotea,
saa tano katika ukungu wa Aizkorri,
saa ya mkononi imezimika,
na kondoo ndio waliokurudisha, kwa kengele zao.
Aliyepotea husimulia kwa aibu.
Wewe ulisimulia kama mtu aliyeokota kitu.

Aprili ukaileta baiskeli,
ukaiacha kama mtu anavyosahau mwavuli.
Tangu hapo ukipita ni kwa shida ndogondogo:
Joseba, una gundi ya soli?
Joseba, una kipande cha mpira wa kufungia fimbo?
Nikajiambia ni uchovu wa msimu.
Mke wangu Maixabel akauliza,
"Unamlilia mteja au unamlilia mtu?"
Nikaendelea kupaka grisi.

Jumamosi iliyopita walitaka watu wa kujitolea.
Nikaenda. Otzaurte, saa tisa usiku, mvua nyembamba,
sufuria la mchuzi wa vitunguu, jibini la moshi, ndizi nusunusu.
Taa zilishuka mlimani moja moja,
kila moja ikitikisika kama inakana jambo.
Kijana mmoja alinitapikia viatu
akaniomba radhi kwa adabu kubwa.
Kisha ikaja taa isiyokimbia wala kusimama.

Goti lako lilikuwa na damu iliyokauka.
Kwenye fimbo, mpira wangu, umefungwa mara tatu.
Kwa mazoea nikatazama saa,
nikafungua kinywa nikutajie muda wako.
Ukaifunika saa yangu kwa kiganja.
"Una chumvi?" ukasema.

Ukanywa mchuzi umesimama. Kisha ukakaa.
Ukakaa! Wewe, kwenye benchi,
dakika moja, labda nne, sikuzihesabu,
ukisikiliza mvua ikigonga turubai.
Ya haraka uliyajua tangu zamani.
Ya baraka si mimi niliyekufunza.
Ukainuka, ukanishika bega, giza likakupokea.

Basi, hii si bili.
Ni kwamba duka limebana, watalii wanaleta za kwao,
nami nimeihamishia yako nyuma,
karibu na dirisha linalotazama mlima.
Kila Ijumaa naijaza upepo.
Sikungoji.
Tairi likikaa bila upepo
hupasuka kwenye mikunjo, hilo tu.